Huduma kwa jamii na karo ya chuo: njia zilizopo Mombasa na mahali zinapokatika

Kuanzia Likoni hadi Bamburi, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, swali ni lilo hilo: mtu akijitolea katika jamii, je, kazi hiyo inaweza kumlipia chuo? Wanaouliza mara nyingi wameshajitolea. Wamesafisha fuo, wamepanda mikoko, wamesomesha watoto madrasa jioni, wamepita nyumba kwa nyumba na matone ya polio. Vyeti vya shukrani wanavyo. Wakifika dirishani kwa karani wa fedha chuoni, karani hana mahali pa kuandika cheti cha shukrani. Anachoandika ni kiasi cha pesa, nambari ya usajili ya mwanafunzi, na tarehe pesa zilipoingia katika akaunti ya chuo.

Fundo liko hapo. Kenya haina mpango wa kitaifa unaohesabu saa za kujitolea na kuzigeuza karo. Zipo njia ambazo huduma huishia kuwa karo, lakini kila moja ina kiungo katikati: posho, barua, fomu au mtihani wa ufundi. Kiungo kisiposhikwa sawasawa, huduma hubaki huduma na karo hubaki deni.

Wazo la saa kwa karo wengi wamelipata mtandaoni, na asili yake ni Marekani. Huko kuna AmeriCorps, iliyotokana na sheria ya 1993. Anayehudumu kwa muda kamili, yaani saa 1,700, hupata tuzo ya masomo ambayo kiwango chake hufuata kiwango cha juu cha ruzuku ya Pell, msaada wa serikali ya huko kwa wanafunzi wahitaji. Katika mwaka wa masomo wa 2024/2025 kiwango hicho kilikuwa dola 7,395. Tuzo haiwekwi mkononi mwa mtu. Hulipwa chuo, au aliyetoa mkopo wa masomo, na isipotumika ndani ya miaka 7 inapotea. Wanaostahiki ni raia wa huko na wenye ukaazi wa kudumu. Kwa hivyo kijana wa Kisauni akiuziwa fomu ya AmeriCorps kwa shilingi yoyote ile, ajue fomu hiyo haimhusu, na mwenye kuiuza anajua hivyo.

Marekani kuna pia sheria ya 2007 inayofuta salio la mkopo wa masomo kwa mtu aliyelipa marejesho 120 ya kila mwezi akiwa mwajiriwa wa serikali au wa shirika lisilo la faida. Hapa kwetu HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haifuti deni kwa sababu ya huduma. Mkopo wa shahada una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayenyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Anayehudumu bila mshahara baada ya kuhitimu, akidhani utumishi wake utamtetea mbele ya HELB, anajitafutia shida. Aiandikie bodi mapema, aeleze hana kipato.

Njia iliyo karibu zaidi na maana ya hudumia usome ni Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Ilianzishwa 1964, na sheria ya 2018 ikaifanya shirika la serikali. Kijana huanzia Gilgil, kaunti ya Nakuru, kwa mafunzo ya nidhamu ya kijeshi yanayochukua takriban miezi 6. Baada ya hapo ni kazi za taifa: barabara, mabwawa, mashamba, kusaidia wakati wa mafuriko. Mwisho ni chuo cha NYS, kwa ufundi kama umeme, mabomba, magari, ushonaji au upishi. Aliyepita hatua hizo hasomi kwa karo ya mzazi wake.

Wazazi wengi huchanganya jambo moja hapa. Vyuo vya NYS hupokea pia wanafunzi kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, na hao hawakupita Gilgil. Wao ni wanafunzi wa kulipa kama wa chuo kingine chochote cha ufundi. Ukipata barua ya kuitwa chuo cha NYS, soma kama unaitwa kuwa kuruta au kuwa mwanafunzi wa karo. Barua mbili hizo zinafanana kwa nembo, lakini tofauti yake ni maelfu ya shilingi kila mwaka.

Kuandikishwa ni bure, katika vituo vya kaunti ndogo, kwa siku iliyotangazwa. Mtu huenda na vitambulisho na vyeti halisi pamoja na nakala, hukaguliwa mwili, hukimbizwa. Wengi hukwama kwa majina kabla hata hawajakimbia. Pwani jina moja lina tahajia nyingi: kitambulisho kinasema Mwanaisha, cheti cha KCSE kinasema Mwanaesha, baba ni Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa na Mohammed kwenye kitambulisho. Afisa mwenye mstari wa mamia ya vijana mbele yake hana muda wa kusikiliza maelezo. Dawa ni hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na iwe mfukoni kabla ya siku ya kuandikishwa. Hati hiyo hiyo utaihitaji kwa basari na HELB, kwa hivyo toa nakala kadhaa.

NYS ina gharama zake pia. Kituo huchagui, na kozi unayopangiwa huenda si uliyoota. Mwenye barua ya chuo kikuu mkononi aombe kwanza kuahirisha nafasi yake, kwa maandishi kwa msajili, apate na jibu la maandishi. Wapo wanaoondoka kimya kimya, nao hurudi wakakuta nafasi imefutwa.

Njia ya pili ni ya posho, na kwa sasa inayowagusa watu wengi zaidi mitaani ni ya wahamasishaji wa afya ya jamii. Mpango huo ulizinduliwa upya Septemba 2023, ukiwa na wahudumu zaidi ya 100,000 nchi nzima. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kila mhudumu hupewa mkoba wenye kipima presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto mwenye utapiamlo, pamoja na simu ya kutuma ripoti. Hushughulikia nyumba kama 100.

Kazi hii haiombwi Nairobi. Jamii huchagua wahudumu wake barazani, na anayechaguliwa lazima awe mkaazi, ajue kusoma na kuandika, na aaminiwe na majirani. Yeyote anayeahidi kukuingiza kwa malipo anakuuzia kitu asichomiliki. Jingine ni la moyoni. Mama mwenye sukari Mikindani anayepimwa kila wiki anamtegemea mtu huyo. Asiingie mtu kwenye kazi hii kwa hesabu ya karo pekee, kisha muhula ukianza aache nyumba 100 bila mwenyewe.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Shilingi 5,000 mara miezi 12 ni 60,000. Tuseme 1,500 kila mwezi ziishie kwa bando, nauli na maji ya kunywa mchana. Zinabaki 3,500, sawa na 42,000 kwa mwaka. Lakini usipange kwa miezi 12. Posho ya sehemu mbili huweza kuja nusu mwezi huu na nusu nyingine baada ya miezi miwili. Panga kwa miezi 9: hapo una 31,500. Linganisha na karo ya chuo cha ufundi: kabla ya mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, kiwango kilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikitoa 30,000 na mwanafunzi 26,420. Tangu hapo kila chuo na kila mwanafunzi ana kiasi chake, lakini kipimo hicho kinakuonyesha ukubwa wa mlima. Mwaka mmoja wa posho iliyowekwa kwa nidhamu unaweza kubeba sehemu ya mwanafunzi kwa mwaka wa kwanza, pamoja na ada ya mtihani au ovaroli na vifaa. Haubebi kodi ya chumba wala chakula. Wanaofanikiwa kwa njia hii aghalabu huishi nyumbani na kusoma chuo kilicho ndani ya kaunti, na wa Likoni huvuka feri bure kwa miguu.

Pesa za posho zikikaa kwenye simu huondoka. Chama cha mzunguko husaidia, ila zamu ipangwe kwa kalenda ya chuo. Vyuo vya ufundi husajili Januari, Mei na Septemba. Watu 12 wakichanga 2,000 kila mwezi, zamu ni 24,000. Anayeanza chuo Septemba aombe zamu ya Agosti, aiombe mwanzo wa mwaka wakati majina yanapopangwa. Akiipata Novemba, pesa zitakuta karo ya Septemba imeshakuwa balaa na sikukuu za Disemba ziko mlangoni.

Sasa basari, ambayo ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote, na ndiyo inayoharibika kwa makosa madogo. Mombasa ina maeneobunge 6, Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, na kila moja lina mfuko wa NG-CDF, yaani fedha za serikali kuu za maendeleo ya eneobunge, wenye fungu la basari. Kaunti nayo, yenye wadi 30, imekuwa na mpango wake. Mwanzoni mwa 2025 kulizuka mvutano wa kisheria nchini kama kaunti zina mamlaka ya kutoa basari za vyuo, kwa kuwa elimu ya juu ni jukumu la serikali kuu. Fedha zikasimama sehemu nyingi wakati wanafunzi wanasubiri. Yeyote anayetegemea mlango mmoja amejiweka mahali pabaya.

Fomu ya basari haina alama za saa za kujitolea. Inauliza uhitaji: wazazi wako hai au la, wanafanya kazi gani, ndugu wangapi wako shule, deni ni kiasi gani. Huduma yako inaingia kwa mlango mwingine: ushahidi. Fomu nyingi hutaka sahihi na mhuri wa chifu, na maneno ya imamu au mchungaji. Chifu ana maelfu ya watu katika lokesheni yake. Humjui, hakujui, na atamuuliza mzee wa mtaa. Kijana aliyeonekana akisafisha mitaro kabla ya mvua za masika, au akisomesha madrasa bila kukosa, ana mzee wa mtaa anayeweza kusema nyumba yake ni ipi na mama yake anauza nini. Maneno hayo huandikwa kwenye fomu, na kamati huyasoma. Vivyo hivyo kwa kamati za misikiti zinazolipia watu karo kutoka fungu la zaka. Hazilipi ujira wa kusomesha. Zinatafuta mhitaji wa kweli, na mtu anayejulikana ni rahisi kuthibitishwa.

Itazame fomu moja kwa karibu. Sehemu ya kwanza ni ya mwanafunzi, na kosa la kawaida ni kuacha nafasi ya nambari ya usajili kwa sababu mtu hajaripoti chuoni bado. Pesa za basari haziji kwako. Zinakwenda chuoni, mara nyingi kwa hundi moja yenye jina la chuo na orodha ya wanafunzi imebandikwa nyuma yake. Kama jina lako kwenye orodha halina nambari, karani wa chuo chenye kina Ali Hassan watano hawezi kujua amwandikie nani. Pesa zinaingia akaunti ya chuo, na wewe unaonekana mdaiwa. Sehemu ya pili ni ya chuo: mhuri, sahihi, jina la akaunti. Jina la akaunti linakiliwe herufi kwa herufi kutoka muundo rasmi wa karo, maana vyuo kadhaa vimebadilisha majina. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilikuwa Mombasa Polytechnic hadi 2007, na wapo wanaokiita hivyo mpaka leo. Hundi yenye jina lisilo sawa hurudi. Sehemu ya tatu ni viambatisho: barua ya kujiunga, muundo wa karo, matokeo ya muhula uliopita, nakala ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kifo kwa yatima. Nakala isiyosomeka huhesabiwa kama haipo.

Majina yakitangazwa, kazi haijaisha. Nenda afisi iliyotoa basari ukaulize nambari ya hundi na tarehe yake, kisha nenda chuoni ukaulize kama imefika. Hundi ikipita miezi 6 benki haiipokei. Ikifika, omba risiti au taarifa ya akaunti yako ya karo inayoonyesha kiasi hicho. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema: andika kila tarehe, kila jina la afisi, kila nambari ya hundi katika daftari moja.

Chuo chenyewe nacho kinaweza kuwa mwajiri. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vina mpango wa kusoma huku ukifanya kazi: maktaba, jikoni, bustani, maabara, afisi. Maombi hupitia afisi ya mkuu wa wanafunzi mwanzoni mwa muhula, nafasi ni chache, na lazima uonyeshe uhitaji. Kabla ya kutia sahihi uliza kiwango kwa saa, kikomo cha saa kwa wiki, na pesa huhamishiwa akaunti ya karo tarehe gani. La mwisho ndilo linaloumiza watu. Kadi ya mtihani hutolewa kwa aliyemaliza karo. Saa zako zikilipwa mwisho wa muhula, utakuwa umefanya kazi miezi mitatu na bado unazuiwa mlangoni. Omba mapema barua kutoka kwa msimamizi wako kwenda afisi ya fedha, ikisema saa ulizofanya na kiasi kinachokuja. Karatasi ya saa itiwe sahihi kila wiki, isisubiri mwezi uishe, kwa kuwa msimamizi akienda likizo saa zako hazina shahidi. Na usichukue zamu za asubuhi ukiwa na vipindi vya maabara. Muhula mmoja wa kurudia somo hugharimu kuliko kibarua cha mwaka.

Kujitolea kwa mazingira kunastahili neno fupi. Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato huenda kwa kijiji kizima, kama maji na mahitaji ya shule. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini anayepanda mikoko Tudor au Jomvu akitarajia hisa ya karo kwa jina lake aulize kwanza kikundi kimeandikishwa vipi, na katiba ya kikundi inasema nini kuhusu mapato.

Njia nyingine haileti pesa. Inapunguza karo, na Mombasa haijazungumzwa vya kutosha. Ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaosimamiwa na KNQA, mamlaka ya viwango vya vyeti iliyotokana na sheria ya 2014. Kijana aliyejenga vyoo vya shule na kikundi cha kujitolea kwa miaka mitatu ni fundi tayari, hana cheti tu. Akiwa na ushahidi, yaani picha za kazi zenye tarehe, barua za wasimamizi, majina ya miradi, hukaa mbele ya mtathmini akaonyesha kazi kwa mikono yake. Anachokijua hupewa cheti. Asichokijua ndicho anachosomea. Wapo pia NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na majaribio yao ya ufundi ya daraja la III, II na I. Muhula ambao hukuhitaji kuusoma ni muhula ambao hukuulipia. Hii ndiyo sababu barua ya kujitolea isiishie kwenye maneno ya shukrani. Iombe iandikwe ulichofanya, kwa muda gani, kwa vipimo: mita za ukuta, idadi ya mabomba, siku kwa wiki. Barua inayosema tu "alikuwa mwenye bidii" haimsaidii mtathmini hata kidogo.

Waliohitimu wana mpango wa Tume ya Utumishi wa Umma wa mafunzo kazini, miezi 12 kwa posho ambayo imekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Huo huja baada ya shahada, kwa hivyo haulipi karo yako. Hulipa HELB, au karo ya mdogo wako.

Zimebaki kazi za umma za msimu. Sensa ya mwisho ilikuwa Agosti 2019, na huja kila baada ya miaka 10. Uchaguzi mkuu, kwa kufuata Katiba, utakuwa Jumanne ya pili ya Agosti, yaani 10 Agosti 2027, na makarani wa vituo huajiriwa kwa muda kutoka maeneo yao. Nafasi huombwa kupitia matangazo ya tume ya uchaguzi miezi kadhaa kabla, na anayeonekana kwenye kampeni za chama hafai. Uwe na kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe. Akaunti ya shangazi haikubaliwi. Malipo yake yanaweza kuchelewa kupita Septemba, kwa hivyo anayeyatarajia ajipangie usajili wa Januari 2028.